Nyumba ya Mawe ya Mjomba Stambuli

Bigwa, Morogoro
Tarehe 18 Septemba 1912

Mpendwa kaka Hatibu,

Shikamoo. Hujambo huko Tabora, wewe na wifi Asha? Na mtoto, kile kikohozi kimemwacha? Sisi huku sote wazima, tunakula na kulala, tunamshukuru Mungu.

Nimesikia watu wa gari la moshi wamekufikishia habari kwamba mjomba Stambuli amefukiwa na nyumba. Si kweli, kaka. Mjomba yu mzima na bado anagomba. Ila nyumba, hiyo kweli imekwisha.

Unajua tangu alipotoka kujenga madaraja ya reli hakutaka tena nyumba ya fito na udongo. Alitaka ya mawe, kama stesheni. Akachagua pale chini ya mlima, mteremko unapokatika ghafla. Pale pana nyufa mbili. Mmoja unatoka upande wa mtoni, mwingine upande wa Kingolwira, zote zikifuata mguu wa mlima, na ncha zake zilikuwa zinaelekeana. Katikati ya ncha hizo ndipo alipochimba msingi. Alisema ni jua tu limepasua udongo.

Basi akaja Mjerumani mmoja anayepita milimani akigonga mawe kwa nyundo. Watu humwita Bwana Mawe. Kiswahili chake anakijua mwenyewe. Alipoona msingi akashika kichwa.

“Hapa ardhi vunjika zamani,” akasema. “Mlima panda, bonde shuka, kidogo kidogo. Ufa hii kua, ufa ile kua. Yeye tafuta yeye. Siku kutana, tetemeko!”

Mjomba akamwuliza, “Yaani zinachumbiana?”

Mzungu akafurahi kwamba ameeleweka. “Ndiyo, ndiyo! Chumbiana!”

“Basi mimi ndiye mshenga,” mjomba akasema, akaendelea kupanga mawe.

Usimcheke sana. Yule mzungu alipigilia vigingi kwenye ncha za nyufa ili aone zinavyokua, na wewe unajua vigingi vya wazungu. Wenzetu kule bondeni walipigiliwa vigingi, wakaamka shamba si lao tena. Mjomba akaamini ufa ni hadithi ya kumhamisha. Aking’oa vya leo, mzungu anapigilia vingine kesho, na mke wa mjomba, Bi Mwaisha, akapata kuni bila kupanda mlima.

Lakini Bi Mwaisha naye alikuwa na macho yake. Kila ardhi ilipotikisika kidogo, hata kwa kiasi cha kugonganisha vikombe tu, aliona ufa wa mtoni umesogea karibu na ukuta. Akamwambia mumewe wazi kwamba yeye ataendelea kulala katika kibanda chake cha udongo. Mjomba akanuna. Maneno yakawa hayapiti baina yao ila kwa kupitia kwangu.

Siku ya kuifungua nyumba mjomba aliita Bigwa nzima. Wageni wakajaa ndani wakisifu kuta. Bi Mwaisha akapika pilau, akaipakua uani, akakataa katakata kuiingiza.

“Anayetaka kula na atoke,” akasema. “Mimi sili chini ya mawe, na wageni wangu hawali chini ya mawe.”

Kaka, harufu ya pilau unaijua. Nyumba ikabaki tupu. Mjomba peke yake ndiye aliyekaa ndani, amekunja uso, anangoja kubembelezwa.

Hapo ardhi ikanguruma. Sinia zikaruka, mbuzi wakalia, sisi tukalala kifudifudi. Nilipoinua kichwa niliona ukuta unafunguka katikati kama pazia, na mjomba anatokea pale pale penye ufa, kanzu imebaki kwenye mawe, yeye na shuka yake ya ndani na kofia kichwani, anapiga shahada. Nyuma yake paa likaanguka. Bi Mwaisha alipiga ukelele nisiousahau, akamkimbilia, akamshika kila mahali kuona kama amevunjika. Kisha akakumbuka kuwa hawasemezani, akamwachia.

Nyufa zimekutana chini ya sebule, na upande wa bondeni umeshuka shubiri nzima. Bwana Mawe alikuja mbio, akapima, akamkumbatia mjomba: “Nyumba nzuri! Kigingi kubwa, nzuri sana!” Mjomba alisema huyu mtu ana wazimu, nyumba ilipokuwa imesimama hakuisifu.

Ila alituambia jambo ambalo ndilo hasa ninalokuandikia. Sasa nyufa zimekuwa ufa mmoja mrefu, na ufa ukiwa mrefu tetemeko lake laweza kuwa kubwa zaidi. Lini, hajui. Kile kiwanja ulichotaka kando ya mjomba kipo njiani mwake, kwa hiyo nimekikataa kwa niaba yako. Nimekuombea kingine kwa wazee, mbali na ule mstari. Tafadhali jenga kwa fito na makuti. Nyumba hiyo ikianguka tutajipangusa vumbi tu.

Mjomba alikaa juu ya kifusi mpaka jua likazama. Halafu akaenda kusimama mbele ya kibanda cha mkewe na kusema, “Hodi.” Bi Mwaisha akaendelea kuchochea moto. Mjomba akapiga hodi tena, kwa adabu, kama mgeni kabisa.

“Karibu,” akamjibu. “Ila inama. Mlango wa huku mfupi.”

Akainama.

Mama anakusalimu sana, na Salehe, na Bi Mwaisha na mumewe. Mbusu mtoto. Mungu awalaze na kuwaamsha salama juu ya ardhi iliyotulia.

Ni mimi nikupendaye, mdogo wako,
Furaha