Wauguzi wa Kaka Yangu Hawatakiwi

Mshauri, shikamoo. Usinicheke ukisikia kilichonileta ni mchezo wa kompyuta, maana kwetu mchezo huu ndio kazi na sasa umegeuka msiba.

Mimi, binti, na kaka yangu tumeajiriwa kwenye kampuni ndogo, chumba kimoja juu ya duka la rangi, tunatengeneza mchezo wa vita wa kupokezana zamu, yaani unasogeza kikosi chako kisha unangoja adui naye asogeze chake, na kazi yangu ni kuangalia asiwepo askari mwenye nguvu kupita kiasi wala asiye na maana. Kaka zamani alikuwa muuguzi hospitalini, akaacha baada ya wagonjwa wengi kufa mfululizo mikononi mwake, akakaa ndani muda mrefu hasemi, mpaka nikamwombea nafasi hapa, na kitu cha kwanza alichobuni ni wauguzi wa vitani, akawachora mmoja mmoja kwa sura za wenzake wa wodini, na mshauri, siku hiyo nilimsikia akipiga mluzi. Basi mchezo ulipotoka wachezaji wakawaacha wauguzi kambini, kwa sababu muuguzi akimtibu askari mmoja tu zamu yako yote imekwenda, na mchezaji mmoja akaandika kwamba hao ni mapambo ya kambi, kaka akasoma, akaniambia, "Unaona? Hata huku sifai." Roho ikaniuma, nikawaongezea nguvu bila kumwambia mtu, wakawa wanaponya kikosi kizima kwa mguso mmoja, sasa hakuna anayekufa, vita haviishi, wachezaji wanatutukana, bosi kagundua, akaniambia mbele ya wote, "Rekebisha, au wafute kabisa," na kaka alikuwa pale pale, akasema kwa upole, "Wafute tu, mdogo wangu, usihangaike," akachukua koti lake akaenda nyumbani. Tangu hapo hatoki chumbani, chakula namwachia mlangoni nakikuta kilivyo, mama akiniuliza namwambia ana mafua, na mimi kila nikitaka kuwafuta naona kama nawazika watu wake upya. Nifute au nisifute? Sioni mbele.

Mdogo Mtu

Marahaba, binti yangu. Pole sana, na sasa kaa nikuseme.

Ulimwonea huruma kaka yako ukaenda kumrekebishia kazi yake kwa kificho, kana kwamba yeye hawezi kuulizwa. Tena ulirekebisha pasipouma. Umeandika mwenyewe: muuguzi anaachwa kambini kwa sababu anakula zamu. Nani alikwambia haponyi vya kutosha? Warudishie nguvu yao ya mwanzo, halafu badilisha hilo moja: muuguzi akishatibu, mchezaji bado aweze kusogeza askari wengine. Mwombe bosi muda wa kujaribu. Akikataa, wafute, na usijiite muuaji kwa sababu ya picha.

Lakini binti, mbona umeniuliza habari za kufuta picha? Mtu aliyefiwa na wagonjwa wake, akaacha kazi, sasa hali chakula na anasema hafai, huyo ni mgonjwa wa kupelekwa kwa daktari, na ni leo. Hayo mafua uliyomtungia mama yafute sasa hivi, mwambie ukweli wote. Kisha nenda kwenye ule mlango, na safari hii usiweke sahani ukaondoka. Kaa chini hapo hapo, ongea naye, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Usiogope kwamba utampa wazo hilo; kama analo, atakuwa amelibeba peke yake siku zote hizi. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata dakika moja, wewe na mama mpokezane mpaka afike kwa daktari.

Usimwahidi kwamba wauguzi wake watapendwa. Huenda wasipendwe kamwe, na uongo mmoja, ule wa nguvu ulizowaongezea kwa siri, umeshamtosha. Wala mimi siwezi kukuahidi kwamba atakufungulia. Asipofungua, gonga tena.