Vidonge vya Lwakhakha

Kitale,
9 Agosti 2004

Dada Phelista mpendwa,

Pokea salamu zangu, na naomba Mungu zikukute ungali na nguvu ya kusoma. Hapa watoto ni wazima na mahindi yameanza kubeba. Mimi mwenyewe sijawa sawa. Barua hii nimempa kaka yetu Khisa akufikishie mkononi huko Kibabii, maana posta ingechelewa.

Mwaka jana nilipojifungua, walimu wenzangu walinicheka kwa unene. Nikiwa Lwakhakha mpakani kununua vitenge, mwanamke mmoja akaniuzia vidonge vya kupunguza mwili. Dada, njaa iliisha kabisa. Chai ya asubuhi ilinitosha mpaka jioni. Nilisahihisha madaftari ya darasa zima bila kuinuka, nikafua mapazia, nikaongea na kila mtu. Gauni langu la harusi likanienea tena.

Baadaye kimoja hakikutosha, nikameza viwili, halafu vitatu. Usingizi ukakatika. Nilisaga meno hadi taya zikauma, na moyo ulienda mbio hata nikiwa nimeketi. Nikaanza kusikia watu wakinong'ona juu yangu. Nilimshtaki mwalimu Jeruto mbele ya wanafunzi kwamba ananitilia kitu kwenye chai. Alilia, maskini. Mwezi wa sita nikaanguka darasani nikifundisha.

Daktari Cherop aliviangalia vile vidonge akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba haviyeyushi mafuta. Vinaingia kwenye ubongo na kuulazimisha umwage kwa wingi zile kemikali za kutuamsha na kutufurahisha, mpaka usahau njaa. Zikizidi, mtu husikia maadui wasiokuwepo. Zikipungua, hubaki huzuni tupu. Ni kweli, kwa sababu nilipoviacha nililala siku nne, nikaamka nikitamani kufa.

Sasa acha niseme. Jumapili Khisa alituambia kwamba umekonda, hulali, unasikia sauti ukutani, na umemfukuza shemeji Walubengo ukisema anataka kukuua kwa sumu. Ati wazee wa kanisa wanakuombea mapepo yatoke. Nilishindwa hata kumtazama Khisa.

Dada, hujarogwa, na shemeji hana kosa. Zile vitamini nilizokuletea Pasaka si vitamini. Ni vidonge hivyo hivyo, nilivitia mwenyewe kwenye chupa ya vitamini. Nilitaka sote tupendeze kwenye harusi ya Nakhungu wa shangazi, na nilijua ungekataa. Lakini baya zaidi ni hili: tangu mwezi wa sita najua vinafanya nini, na nikakunyamazia kwa aibu.

Daktari amesema usiviache ukiwa peke yako nyumbani. Mwite shemeji, mwonyeshe barua hii, akupeleke hospitali ya Lugulu leo hii na hiyo chupa. Najua utadhani ni mtego. Hata mimi ningedhani hivyo. Nakuomba kwa magoti, kesho usimeze.

Nisalimie watoto, na shemeji umwombe anisamehe kama ataweza. Ijumaa nakuja. Ukinifungia mlango, nitakaa hapo nje.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Wilkista