Meza Fupi ya Aabo

Alhamisi, Garissa. Jilaal, kiangazi chetu kirefu, bado imetukalia kifuani. Upepo umepiga vumbi tangu asubuhi na macho yangu ni mekundu, wala si kwa vumbi peke yake.

Naandika Kiswahili kwa sababu Kisomali chetu hakina herufi. Tunakisema, tunakiimba, tunatukanana nacho vizuri sana, lakini shuleni nilifundishwa kuandika kwa Kiswahili, basi hata huzuni yangu inabidi ipitie huku. Nikikosea p nikaandika b, nisamehe. Ndivyo ulimi wangu ulivyozoea.

Leo Aabo, baba yangu, amesema neno. Moja tu. Lakini nikianza na neno hilo sitafika mwisho, kwa hiyo naanza na meza.

Tangu tuhamishiwe humu manyatta, ndani ya seng'enge, kwa ajili ya hivi vita vya serikali na shifta, waasi wenye bunduki, Aabo hakuwa mtu tena. Siku ile ya kuhamishwa ngamia wetu walipigwa risasi na askari kisimani. Ikasemwa maziwa yao ndiyo yanayowalisha shifta kule porini. Aabo alikimbilia katikati yao akiwaita kwa majina. Addey, yule jike mweupe aliyemlea tangu ndama, akamwangukia mguuni. Mfupa haukuunga sawa, na unyayo umegeukia ndani mpaka leo.

Kuanzia hapo akawa wa kukaa tu kwenye gambar yake, kigoda chetu kile cha ngozi kilicho karibu kugusa ardhi, akitazama mlango. Hooyo, mama yangu, akimpa uji, anakunywa kidogo cha kumridhisha, kisha anageuza uso. Kusema hasemi. Mwili ukaanza kumwisha mbele ya macho yetu.

Na mikono ile! Aabo alikuwa mchongaji. Vyombo vya maziwa, vijiko, na hasa koor, kengele ya mti anayovishwa ngamia shingoni. Anakaa chini, anabana kipande cha mti kati ya nyayo zake mbili, halafu shoka lake dogo linafanya kazi kama linajua njia. Sasa unyayo mmoja haubani kitu. Nilimletea kipande cha mti akakijaribu, kikateleza. Akajaribu tena, kikateleza. Akakiweka chini polepole kando ya gambar na hakukigusa tena.

Nikaona baba yangu anakufa akiwa amekaa.

Mimi ni mwanawe wa kwanza, ngamia walikuwa wawe wangu. Nilichorithi ni kamba zao. Basi nikaenda kwa Fundi Athman, seremala Mswahili mwenye banda lake karibu na soko, naye akaniombea ruhusa kwa askari wa getini niwe natoka asubuhi na kurudi kabla ya kafyu. Mzee huyu mdomo wake mkali, moyo wake samli, ila hataki ujue. Siku ya kwanza alinyanyua patasi akaniuliza inaitwaje. Nikasema batasi.

"Batasi? Huyo ni mama yake bata?"

Banda zima likaangua kicheko. Nilipandwa na hasira nikataka kuondoka zangu. Nikakumbuka seng'enge, nikabaki.

Nimejifunza, sisemi uongo. Nilidhani randa ni kusukuma tu. Kumbe ubao una mwelekeo wake kama manyoya ya ngamia: ukienda nao unalala laini, ukienda kinyume unasimama na kuchanika. Msumeno nao ukiusukuma kwa hasira unapinda, na mimi siku hizi hasira ninayo ya kutosha kugawia jirani. Viganja vyangu vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Lakini maranda yakianza kutoka marefu, yamejikunja, yananukia, nasahau kisima kwa kitambo. Halafu nakumbuka kwamba nimesahau, na hapo ndipo panauma zaidi.

Fundi Athman hampi mtu kazi ya mteja kabla hajajitengenezea meza yake mwenyewe ya kufanyia kazi. Akanichorea mchangani: miguu minne, mbao mbili nene juu, na mbele kizuizi, kijiti kigumu kinachochomoza kwenye ubao ili kitu unachokiranda kisikukimbie.

"Ifike kiunoni," akasema, akaenda zake msikitini.

Nikapima kiuno changu. Wallahi nilipima. Nikavuta kigoda, nikakaa, nikapima kutoka chini mpaka kiunoni.

Usinicheke. Kwetu nani anafanya kazi amesimama? Tunasimama tukikamua ngamia na tukiswali. Kuchonga, kusuka, kushona, yote hayo ni mambo ya kukaa. Sikufikiri mara mbili, hata mara moja sikufikiri.

Na niliitengeneza kwa moyo wangu wote. Miguu ilikuwa ya mgunga, mti mgumu kama jiwe. Kila mguu nikauchongea ulimi juu, kila ulimi nikauchimbia tundu lake kwenye ubao kwa hiyo hiyo batasi. Nikagonga kwa nyundo ya mti, bila msumari hata mmoja, ndimi zikaingia na kukaa. Nikaitikisa meza kwa nguvu zangu zote. Haikucheza. Kwa mara ya kwanza tangu kisimani nilijiona nafaa kitu.

Hiyo ilikuwa jana. Fundi akaja, akaizunguka meza, akainama, akainuka, akanitazama mimi.

"Ewe mwanangu, hii ni ya kurandia kuku?"

Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Watu wakaitwa kutoka sokoni waje waone. Nilipomweleza jinsi nilivyopima ndiyo kabisa, akakaa chini kwa kicheko. Kisha akapangusa macho, akasema kwa sauti nyingine kwamba viungo nimevikata vizuri, lakini mguu mfupi haurefushwi, nianze upya. Hii niipeleke nyumbani iwe kuni za chai.

Nikaibeba kichwani mpaka getini. Askari akaniuliza kama ni kitanda cha mtoto. Nikasema ndiyo. Ningejibu nini?

Ndani ya aqal yetu, kibanda chetu cha miti na mikeka, hapana nafasi, basi nikaiweka mahali palipobaki, mbele ya Aabo. Nilikuwa na nia ya kuipasua leo iwe kuni. Na leo kazini sikwenda. Kwa aibu nilijilaza na kujifunika shuka usoni jua likiwa limeshapanda.

Tok. Tok.

Nilidhani ni Hooyo anapasua kuni. Nikafunua shuka. Aabo alikuwa ameikokota gambar yake mpaka kwenye meza. Kile kipande cha mti alichokiweka chini siku ile kilikuwa juu ya ubao, kimeegemezwa kwenye kizuizi, na shoka dogo lilikuwa mkononi mwake. Akapiga. Mti haukwenda popote. Akausukuma kwa kidole, kama mtu asiyeamini, kisha akapiga tena. Kazi iliyokuwa ya unyayo wake, kijiti kile kilikuwa kinaifanya.

Na urefu ulimtosha sawasawa. Si nilipimia mtu aliyekaa?

Hooyo alikuwa amesimama na shali mdomoni. Mimi sikuthubutu hata kukohoa, nikikohoa ataacha. Alichonga mpaka adhuhuri, akaswali pale pale amekaa, akaendelea. Ilipofika wakati wa kuchimba tumbo la mti alinyoosha mkono bila kunitazama. Nikampa patasi niliyokuwa nimerudi nayo kutoka bandani. Aliipima uzito, akaijaribu makali kwa kidole gumba, akaanza kuchimba kama aliyezaliwa nayo. Maranda yalimwangukia kwenye ule unyayo uliogeuka na hakuyapangusa.

Nilijua kabla hajamaliza kwamba ni koor. Akachonga vijiti viwili vya ndani, akavifunga kwa uzi, akapitisha kamba juu. Kamba ya Addey. Nilikuwa nimeificha chini ya mkeka, sijui aliijuaje.

Kisha akaitoa nje ya mlango kwa mkono mmoja na kuitikisa.

Kolok, kolok, kolok.

Ewe Mola wangu. Manyatta nzima iligeuka. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji, wazee waliokuwa kivulini, hata watoto, wote waligeuza vichwa upande wa geti. Mzee jirani yetu, ambaye mifugo yake iliishia kisimani pamoja na yetu, alisimama kabisa, akaweka kiganja juu ya macho akatazama njia. Tulijua sote. Nani hajui? Lakini masikio hayakutungoja tukumbuke.

Getini kulikuwa na askari na vumbi. Mmoja mmoja watu wakaacha kutazama. Mzee jirani ndiye aliyechelewa kukaa.

Aabo naye alikuwa akitazama huko. Akairudisha kengele mapajani, akainua uso kwa Hooyo, na akasema.

"Aano."

Maziwa.

Hooyo alirukwa na furaha, maskini. Akasema haye, haye, akakitungua chombo cha maziwa kutoka pale kinaponing'inia, akatoka nacho mbio kama alivyokuwa akitoka kila jioni maisha yake yote. Alifika hatua chache nje ya mlango. Akasimama. Nilimwona mgongo tu, na chombo mkononi, na hakuna upande wa kuelekea. Sisi humu tunakunywa strungi, chai kavu isiyo na tone la maziwa, na siku nyingine hata sukari hakuna.

Nimeomba kwa Mungu, kila swala, kwamba Aabo atamani kitu. Chochote. Nilisema akitaja tu nitakileta, hata nitambae chini ya seng'enge. Sasa ametaja, na alichokitaja kimelala kisimani.

Hooyo amerudi na kukiweka chombo mahali pake. Karibu ni maghrib na Aabo bado anangoja, amegeukia mlango, mikono juu ya meza yangu fupi. Naandika huku nikimtazama na naona haya kumtazama.

Kesho asubuhi nitakwenda bandani. Fundi Athman acheke ashibe, kisha nianze meza nyingine, ya kiuno cha mtu aliyesimama. Hii sipasui. Na kabla ya kushika msumeno nitazunguka soko lote kuomba maziwa. Ya ngamia sitayapata. Hata ya mbuzi, hata kikombe, hata nusu yake.

Je, nikimpa ya mbuzi nikanyamaza, atajua si ya Addey?

Atajua kwa funda la kwanza. Ninachoomba ni kwamba alimeze.