Suruali Isiyobana

Chumba cha nyuma,
Duka la Fundi Bonge.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa shemeji,

Salamu kwanza, maana hasira haijaniondolea adabu. Hujambo huko uliko? Mkeo hajambo? Yule mdogo wenu kifua kimemwachia, au baridi ya huko bado inamsumbua? Mwambie mama yake asimwache atoke asubuhi bila sweta, hata akilia.

Ukiuliza hali yetu, zamani ningeandika kwamba sisi wazima, hofu ni kwako. Leo siwezi. Sisi si wazima, na hofu iko hapa hapa ndani.

Alhamisi kaka yako alianguka tena. Alikuwa anapandisha jora la kitambaa dukani, na unazijua zile ngazi, hata mtoto hazihesabu kuwa ngazi. Akakaa chini kwenye ya mwisho, shati limelowa kama amemwagiwa ndoo, mkono umeshika taya. Kinyozi wa jirani ndiye aliyemwona, akaacha mteja wake nusu kichwa akaja kuniita. Hospitali wamemlaza siku mbili, jana wakamrudisha. Daktari ameniambia moyo wake umechoka, na kwamba mara hii tumeponea chupuchupu.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu wewe ukiambiwa usiyoyapenda mtandao wako huharibika. Barua utaisoma hadi mwisho, hata kama ni kwa kukunja uso.

Najua utauliza imekuwaje, wakati mwezi wa nne nilikuambia anaendelea vizuri. Nitakueleza imekuwaje, na wewe mwenyewe utajiona umo ndani.

Kwanza turudi mwanzo wa mwaka, alipougua mara ya kwanza. Kifua kilimbana akiwa anakata suti ya mtu, akasema ni gesi. Akaagiza soda ili acheue. Alicheua, na maumivu yakabaki. Tulipofika hospitali daktari akamuuliza maswali yake, kisha akamuuliza kama ameongezeka uzito miaka ya karibuni. Kaka yako akajibu bila kupepesa macho, "Hapana daktari. Suruali niliyovaa ni ya miaka kumi, na hainibani hata kidogo."

Shemeji, hakuwa anadanganya. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Aliamini kabisa.

Unaijua kazi yenu, mmelelewa nayo. Baba yenu aliwafundisha kwamba fundi hamwambii mteja amenenepa. Mteja akirudi na suruali haifungi, unamwambia kitambaa kimerudi, yaani kimejivuta kikapungua, baada ya kufuliwa, unafumua, unatoa kile kitambaa cha ziada ulichokificha ndani ya mshono, unapiga pasi, na mtu anaondoka na heshima yake. Ndiyo maana watu wanawapenda. Basi kaka yako amejifanyia yeye mwenyewe hivyo hivyo. Suruali ikianza kumbana, mkono unaifumua wenyewe huku anapiga soga na wateja, kichwa hakina habari. Mtu mwingine suruali humwambia ukweli. Fundi hana wa kumwambia.

Ile suruali niliigeuza ndani nje pale pale juu ya kitanda cha hospitali. Kulikuwa na mistari mitatu ya vitundu vya sindano, kila mmoja umesogea mbele ya mwenzake. Nikamwonyesha. Akapitisha kidole gumba polepole, akasema, "Lakini kazi safi." Nilitamani kucheka na kulia, nikashindwa nianze na lipi.

Muuguzi aliyekuwa zamu, mama mmoja mnene kidogo naye na wala hajifichi, ndiye aliyenikalisha akanieleza. Alisema uzito hausafiri peke yake. Mtu akijaa tumboni, presha inapanda, sukari inapanda, na yale mafuta ya kwenye damu wanayoyaita lehemu yanaharibika, mishipa inaziba taratibu, na mzigo wote huo unabebeshwa moyo ambao haukuongezewa mkono wa kuusaidia. Tena alisema mafuta ya kiunoni ndiyo yenye madhara zaidi kuliko ya mapajani, na ndiyo maana wao hupima kiuno. Akachukua tepu ampime. Kaka yako akavuta tumbo ndani. Muuguzi akasubiri, akasubiri, kisha akamwambia, "Fundi, pumua tu, mimi sina haraka." Alivyopumua, hata mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka.

Alimpima kila kitu na kila kitu kilikuwa juu. Alisema wapo wembamba wenye presha na wapo wanene wasio nayo, hivyo tusimtukane mtu kwa umbo lake, lakini kwa kaka yako vyote vimekutana, na baba yake naye alikufa kwa moyo. Nikamuuliza kama basi ndiyo imetoka hiyo. Akasema hapana. Si lazima awe kijiti. Akipunguza hata sehemu ndogo tu ya uzito wake na akameza dawa zake, vile vingine vitashuka pamoja nao.

Neno hilo nililishika. Nikabadilisha sahani. Nikaondoa sukari mezani, nikaficha chumvi, nikawa naye kila jioni tunatembea mpaka kwenye duka la nyuzi na kurudi, yeye ananuna njia nzima. Usidhani ilikuwa rahisi. Kaka yako mwenye njaa si mtu wa kukaa naye chumba kimoja. Lakini alikonda, shemeji. Presha ilishuka. Sukari ilishuka. Akaacha kukoroma, mpaka nikawa naamka kuhakikisha bado anapumua. Mwezi wa nne akakaa kwenye cherehani akaipunguza suruali yake kiunoni kwa mikono yake mwenyewe, jambo ambalo katika ndoa yetu sijawahi kuliona, akaivaa, akajitazama kwenye kioo cha wateja akiwa amejificha nyuma ya pazia.

Ndipo ukapiga wewe, simu ya kuonana sura.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikakusikia. "Kaka, mbona umekwisha? Huyo mwanamke anakulisha nini?" Halafu ukacheka, na yeye akacheka, lakini uso ulimshuka nikauona. Hukuishia hapo. Ukachukua picha yake uliyoinasa kwenye simu hiyo ukaitupa kwenye kundi la familia na vikatuni vya machozi, ukaandika kwamba kaka yetu anateketea na sisi tunatazama. Hukuniuliza hata neno moja. Mimi ndiye ninayemlaza na kumwamsha, nawe kwa kidole kimoja ukanigeuza muuaji.

Shangazi yenu alifika wiki ile ile na masufuria yake. Hakuniamkia vizuri. Akatawala jiko langu, akawa anampakulia mwenyewe, nyama yenye mafuta mpaka yanaganda kwenye sahani, na kila akimaliza anamwongeza. Alinitazama usoni akasema, "Mwanangu hakuzaliwa kijiti. Kama unamtaka mwembamba ungeolewa na mwingine." Na kaka yako, ambaye mbele yangu hubisha mpaka bei ya kitunguu, mbele ya shangazi yake alivuta sahani akala.

Dukani nako maneno yalishafika. Wateja wakaanza kuulizana kwa kunong'ona kama fundi ana maradhi yale. Mmoja akaja kuchukua suti yake kabla haijakwisha, eti asije akapata tabu ya kuidai kwa warithi. Kaka yako alinisimulia hilo akiwa anacheka, lakini usiku huo alikula sahani mbili. Kesho yake akaniambia dawa ndizo zinazomkondesha, akaziacha. Akarudi kuwa Fundi Bonge, watu wakafurahi, wakampongeza kuwa amepona.

Mmempaka mafuta kwa mgongo wa chupa, shemeji, nyote mlioko mbali. Mnamsifu kitambi kwa sababu hamkibebi, na wala hamlali pembeni yake mkisikiliza pumzi inavyokata kona.

Mnalo hili tangu kwa baba yenu. Alikufa amekaa kwenye kiti, mkono kwenye taya hivi hivi, nami nilikuwepo, nilikuwa bibi arusi mgeni nyumbani kwenu. Mlisema amerogwa na watu. Mlisema ni kijicho kwa sababu alikuwa na afya yake. Ile mliyoiita afya ndiyo iliyokuwa inamwandama, na mpaka leo hakuna hata mmoja wenu aliyekwenda kupimwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini ninyi mmezidi, kifo kimewaumbua na bado mmekisingizia majirani.

Na wewe usijidhani uko salama kwa kuwa unakaa na watu wenye mashine kubwa kubwa. Picha ya sikukuu mliyotuma nimeitazama. Koti lako halifungi, umelishika kwa mkono kama mtu mwenye baridi. Nenda kapime presha. Pima na sukari na hiyo lehemu. Sikusemi kwa kukutukana, nakusema kwa sababu mmetoka tumbo moja.

Sasa nikuambie ninachokitaka, maana sikuchukua kalamu nikuchambe tu.

Kaka yako hanisikilizi mimi. Nimekuwa kama redio ya jirani, anasikia sauti, hashiki neno. Daktari anamwitikia vizuri na kumsahau mlangoni. Lakini wewe, aliyekushonea sare za shule kwa vipande vya vitambaa vya watu, aliyekusindikiza siku unaondoka akarudi akalala bila kula, wewe neno lako kwake halina rufaa. Ulisema amekwisha, akaamini amekwisha. Ukisema amependeza, ataamini amependeza. Ndivyo alivyo, na mimi nimechoka kushangaa.

Jana alipotoka hospitali hakupumzika. Ninavyoandika hivi namwona kupitia mlangoni, amekaa chini ya taa na wembe, anaifumua tena ile suruali. Nilimwuliza anafanya nini. Akasema, "Kitambaa kimerudi."

Basi mpigie. Usimwambie nimekuandikia, na usimpe pole, maana pole zenu zinamnenepesha. Mwambie siku ile ulipomwona amepungua ulikosea kumcheka. Mwambie ungependa kumwona vile tena. Mwambie ameze dawa zake, kisha umwulize kila wiki kama amezimeza, hata akikuona msumbufu. Na mpigie shangazi yenu umwambie hayo hayo kwa kinywa chako, kwa sababu akiyasikia kwangu atasema nimeshaanza kugawana vyerehani. Futa na ile picha.

Kama hilo ni zito kwako, basi jingine ni jepesi: nyamaza. Usimsifu, usimcheke, usimwulize anakula nini. Mazishi mtakuja, najua, mtachangishana nauli na mtalia vizuri kuliko mimi. Lakini baada ya siku chache mtarudi makwenu, na mimi nitabaki na mteja mlangoni anayeuliza fundi yuko wapi.

Nisalimie mkeo sana, mwambie simhesabu katika haya. Wabusu watoto wote wawili. Binti yetu mkubwa anawasalimu, na kinyozi naye anakusalimu, anasema anakukumbuka. Shangazi yenu ukizungumza naye mpe salamu zangu, hata kama hatazipokea.

Mungu akulinde na safari zako, akupe moyo wenye nguvu, na akuguse ulimi kabla hujapiga simu.

Mimi shemeji yako nikupendaye, safari hii kwa kujikaza,

Mke wa kaka yako, na ninaomba nibaki kuitwa hivyo.