Baruti Hairundikwi

Jumapili, 2 Novemba 2025. Riyadh
Nimepewa meza yangu! Ndogo, pembeni mwa karakana ya klabu ya shabaha, lakini yangu. Mama kule Jeddah alisema msichana aliyemaliza shule juzi ana kazi gani na baruti. Nimekuja hivyo hivyo.

Ami Badawi ndiye anayejaza risasi za klabu – zile za kulipulia visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Kila ganda: baruti, kizibo, marisau – zile chembe za risasi – kisha mdomo unabanwa. Mimi nimepewa marisau. Baruti anajaza yeye, kwa kijiko chake cha shaba. Anachota mpaka kinafanya kichuguu! Nikauliza kwa nini hakikatwi juu, kikawa sawa na ukingo. Sauti ilitoka kama ya kifaranga. Akacheka. Ati kwetu Unguja kibaba cha kukata ni cha bahili, mwenye imani hurundika.

Jumamosi dada yangu Lina anashindana kwa mara ya kwanza. Risasi zake zitatoka kwenye katoni yetu.

Jumatatu, 3 Novemba
Ami alipokwenda kusali adhuhuri nilipima kwa mizani vijiko ishirini vyake, kabla maganda hayajabanwa. Sita vimezidi. Viwili vimepungua. Bila shaka! Kichuguu hakirudii umbo. Kisha nikachota ishirini mimi: najaza, sigongigongi, nakata kwa ukingo wa kadi ya ikama, kibali cha kuishi hapa, iliyokwisha muda, mwendo uleule kila mara. Vyote sawa isipokuwa kimoja, nikakirudia.

Nikamwambia. Maneno nilikuwa nimeyapanga vizuri. Yakanipotea yote, likabaki "zimezidi". Akasema amejaza risasi tangu mimi sijazaliwa na hajapasua bunduki ya mtu. Onesmus, mlinzi wetu Mkenya, akadakia mlangoni:

"Msichana wa mizani! Mamangu hapimi unga, na ugali inatoka fiti tu!"

Wakacheka wote wawili. Masikio yaliniwaka moto. Ugali haupasukii mtu usoni, Onesmus! – jibu nimelipata sasa, halina kazi tena.

Jumanne, 4 Novemba
Nimejaza maganda mengine mwenyewe, kila kijiko nimekikata na kukipima. Sikuomba ruhusa.

Jumatano, 5 Novemba
Bibi amepiga simu kutoka Jeddah. Nimemuuliza habari za kibaba. Akasema kweli, mchele wa kumpa mtu hurundikwa, kukata ni aibu. Nikauliza, na dawa je, Bibi? Zile za kusaga unazowapa kina mama wa mtaani?

"Dawa? Wee mtoto! Dawa hukatwa. Ukirundika dawa unazika mtu."

Nilikimbia karakanani kumwambia Ami. Akanigeukia, nikadhani yamemwingia. Kumbe. Akasema Bibi abaki na mitishamba yake, nisimwingize kwenye kazi za watu.

Na kuna baya zaidi. Wakati nikiwa kwenye simu amebana zote na kuzitia katoni moja – nilizokata mimi na alizorundika yeye. Mia mbili na hamsini. Kwa nje zinafanana kama punje za mtama. Kuzipima zikiwa zimefungwa hakusaidii, maganda yenyewe hayalingani uzito. Dawa ni moja: kuzifungua zote. Ami kasema hafungui hata moja, Jumamosi imefika, halas, yamekwisha.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimefungua kumi kwa siri. Mbili zimezidi, tena sana.

Nimemwambia Lina. Alikuwa anapiga pasi ushungi wake wa mashindano. Akasema Ami ndiye aliyemfundisha kushika bunduki, hawezi kumdhuru. Nikamwambia si yeye, ni kichuguu. Akaniita mwoga. Mimi! Ninayetaka kugombana na Ami!

Kumwambia Bosi Sultan, mwenye klabu, siwezi. Ndiye kafili wa Ami, mdhamini wa kibali chake. Neno moja tu na Ami atarudishwa kwao – kwao wapi? Kazaliwa hapa, kama baba yangu, kama mimi. Unguja anaijua kwa hadithi za Bibi.

Basi bosi simwambii. Lakini katoni ile haitoki. Nimeandika hivi kwa kalamu ya wino ili nisiweze kufuta.

Ijumaa, 7 Novemba
Karakana imefungwa leo. Funguo za akiba huwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni nyumbani. Sasa ziko kwenye soksi yangu.

Jumamosi, 8 Novemba
Saa tatu asubuhi. Nipo ndani ya karakana. Mlango nimeukomea kwa komeo la ndani. Nilikuja alfajiri na Onesmus akanifungulia geti, akidhani nimetumwa.

Nimefungua themanini na tatu. Mbaya kumi na tisa. Vidole vinauma.

Ami alianza kwa upole: fungua, mwanangu, watu wanangoja. Kisha akapiga mlango. Kisha akasema nimemvunjia heshima mbele ya Mkenya. Onesmus akasema, "Mzee, mi siko kwa hii maneno," na nikasikia anasogea pembeni. Nikajibu kwa sauti – sauti yangu hasa, sijui ilikuwa wapi siku zote – kwamba Lina hapigi hata moja kati ya hizi.

Lina naye yupo nje. Hajaniita mwoga leo.

Ami akasema: "Basi nipe moja. Yoyote. Naipiga mimi, mbele yenu, halas!"

Nilikuwa nimeishika moja mkononi. Ingepita chini ya mlango.

"Hata wewe sikupi, Ami."

Kisha akauliza, polepole, nimekuta mbaya ngapi. Nikamwambia. Nikaendelea kufungua, ya themanini na nne, ya themanini na tano –

Gari la bosi limeingia. Nalijua kwa mngurumo wake. Mlango wa gari. Hatua kwenye kokoto. Anauliza kwa Kiarabu risasi ziko wapi na kwa nini karakana imefungwa, yalla, yalla, upesi. Mara ya pili sasa anauliza.

Ami hajajibu. Lakini hajaondoka. Nimeinama kuchungulia chini ya mlango: viatu vyake viko palepale kizingitini, na visigino vimeelekea kwangu, ncha zimemwelekea bosi.