Halali Yenu, Alisema Mama

Jumapili. Mvua haijakata tangu alfajiri, Chamazi yote tope, na kanga nilizofua juzi bado zinanuka maji. Nasra amelala baada ya kunywa uji, mguu mmoja nje ya neti. Nina muda kidogo kabla hajaamka, na kuna neno limenikaa kooni.

Sijaandika hapa tangu tumzike Mama. Nilikuwa nafungua ukurasa, nauangalia, nafunga. Leo naandika kwa sababu nimegombana na kaka yangu na sina mwingine wa kumwambia. Baba Nasra yuko njiani na lori. Akipiga simu nitamwambia mvua inanyesha, basi.

Neno lenyewe ni halali.

Niwaeleze kwanza Mama alikuwa nani, kwa wasiomjua. Asubuhi alikuwa anachoma chapati pale Mbagala. Jumamosi na Jumapili anaimba kwenye shughuli za wanawake. Si msanii wa kuonekana kwenye runinga. Ujanani aliwahi kuimbia bendi moja, kanda ikatoka na sauti yake, ila jina la juu ya jalada likawa la mwanamke mwingine. Alikuwa anatusimulia huku anacheka, anageuza chapati: "Walinirusha wale. Na mie nikajifunza kurusha."

Maana kwetu kurusha ni kumdhulumu mtu, na kurusha hiyohiyo ni kumtumia mwenzio wimbo simu kwa simu. Mama alilipenda sana hilo neno. Alisema ni kisu kile kile, inategemea umekata mkate au umekata mtu.

Wimbo wake aliutunga mwenyewe na kuurekodi jikoni kwake kwa simu yangu. Ngoma ilikuwa sufuria na mwiko. Hakuna bendi, hakuna mfadhili, hakuna mtu wa kusema kuna changu humo. Kabla hajaanza kuimba anasikika anajikohoza, halafu anasema hivi: "Haya jamani, anayeutaka achukue. Rushianeni. Halali yenu." Ndipo anaingia:

*Mlango sijaukomea, mwanangu,*
*rudi hata mikono mitupu.*

Ni mama anamwambia binti aliyemwozesha kwamba nyumbani bado ni kwao. Basi wanawake waliupokea vibaya sana, kwa uzuri. Kwenye kicheni pati, bibi harusi akishafundwa, wanasogeza simu karibu karibu na kurushiana. Njia hiyo haitaki bando la intaneti, inataka ukaribu tu. Ukienda mbali inakatika. Mama alikuwa anasema, "Wimbo wangu hauendi kwa mtu usiyeweza kumnusa."

Ulifika Kawe. Ulifika Kimbiji. Kote huko yeye mwenyewe hakuwahi kufika.

Sasa hayupo, na mie nauzoea ugumu ambao sikuujua. Nimekaa foleni ya kliniki, simu ya mtu baki inaita kwa sauti ya mama yangu. Naenda kununua vitumbua, binti wa pale anaimba anakosea maneno, natamani kumsahihisha, nashindwa, nageuka na sahani tupu. Kuna siku nauchukia huo wimbo. Kuna siku nazunguka mtaa mzima natafuta dirisha unakopigwa.

Siku ya msiba, Mama Rama, jirani yake wa miaka yote, alisimama katikati ya wanawake. Kwetu maiti akiwa bado ndani watu huombana radhi, anayedai aseme, aliyekosa aombe. Mama Rama akasema, "Wanangu, sie tumekula jasho la mama yenu kwenye simu zetu. Tunaomba halali."

Kaka Hamisi alikuwa mlangoni na kanzu yake. Ndiye mkubwa wetu, tuko wawili tu. Akajibu kwa sauti ya juu hadi waliokuwa uani wakasikia: "Alishasema mwenyewe. Na sie wanawe tunasema, halali yenu."

Nilimwangalia nikaona amerefuka.

Ndiyo maana leo inaniuma hivi.

Kaka Hamisi hana kazi. Ghala alilokuwa anabebea mizigo limefungwa, kodi ikamshinda, mkewe Rehema akachukua watoto wawili akarudi kwa wazazi wake Kimbiji. Hawajaachana. Rehema alimwambia tu, "Ukipata chumba tuite." Tangu hapo kaka analala kwa rafiki yake Mbagala, na kila akija hapa anamwangalia Nasra akila hadi najisikia vibaya.

Yeye ndiye aliyempata yule bwana wa kampuni ya muziki. Bwana alisikia wimbo kwenye harusi ya shemeji yake, akaulizia hadi akafika Mbagala. Akasema watautengeneza upya, wataupeleka kule mitandaoni watu wanakolipia, na sie warithi tutapata fungu letu. Fungu la kwanza lingetosha chumba cha kaka. Sitajifanya mtakatifu hapa. Na mie nilishaona friji kichwani, nimeshaipangia hadi kona.

Wiki iliyopita tukaenda studio kwao, Kawe, mie na kaka na Nasra. Wakatupigia ule uliosafishwa. Vinanda vizuri, ngoma nzito, sauti ya Mama imenyooshwa kama shuka la hoteli. Hakuna sufuria. Hakuna kujikohoza. Yale maneno ya mwanzo hayapo.

Nasra hulala kwa wimbo huo tangu mchanga. Alisikiliza hadi mwisho, kidole mdomoni, kisha akauliza, "Bibi yuko wapi?"

Kaka akasema, "Si huyo anaimba?"

"Siyo," akasema Nasra.

Tukacheka wote. Mie nilicheka kwa mdomo tu.

Halafu karatasi. Sikusoma sana shuleni lakini Kiswahili najua, na nilisoma kila mstari huku yule bwana anatingisha mguu. Nikafika mahali panaposema marehemu, enzi za uhai wake, hakuwahi kumruhusu mtu yeyote kusambaza wimbo huu. Nikauliza ina maana gani.

"Ni kawaida hiyo, dada. Inatulinda tu."

"Lakini aliruhusu. Anasema mwenyewe mwanzoni."

"Hayo tumeyatoa."

"Na wenye nao kwenye simu?"

"Wataufuta."

"Asiyefuta? Akimrushia mwenzie?"

Akainua mabega. "Hapo anakuwa anaiba, dada. Sheria ndiyo inavyosema."

Nikamwambia basi wauze huo wao mzuri, na ule wa jikoni waache watu waendelee nao. Akacheka. "Dada, nani atanunua maji pembeni ya bomba la bure?"

"Mbona ya chupa yanauzwa na bomba lipo?"

Akasema bosi hatakubali. Nikasema nitafikiri, nikambeba Nasra mgongoni, tukaondoka. Kaka alitembea mbele yangu hadi tunaachana.

Nilifikiri kweli. Wiki nzima, nikisonga ugali nafikiri, nikimwogesha mtoto nafikiri. Najua sheria ina haki yake. Waimbaji wanaibiwa, Mama mwenyewe aliibiwa, na yule bwana hakosei akisema kazi ya mtu ilipwe. Angekuja Mama akiwa hai akasema sasa nauza, nani angemzuia? Lakini aliyesema halali amekufa nayo ikiwa halali. Mie nikiweka sahihi pale, nimemwambia Mama Rama wewe ni mwizi. Na nimesema Mama hakusema alichosema.

Leo asubuhi kaka alikuja kwenye mvua, na mwamvuli wake wenye mbavu moja iliyovunjika. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuniangalia. Nikamwekea chai na viazi. Hakugusa. Akatoa karatasi kwenye mfuko wa nailoni. Sahihi yake alishaweka. Inasubiri yangu.

"Kaka, sisaini. Wakiutoa ule mstari, nasaini sasa hivi."

"Hawautoi. Nimeshawabembeleza, Zuhura. Hawautoi."

"Basi."

"Basi? Unasema basi umekaa kwenye nyumba ya mumeo, mwanao kalala pale. Wangu mdogo ananiita mjomba kwenye simu. Mjomba! Amenisahau."

Ningefanya nini? Niliona sura ya yule mtoto.

Akaendelea, "Mama aligawa kwa sababu hakujua thamani yake."

"Alijua. Alishauzwa yule na ile bendi, kaka. Ndiyo maana aligawa."

"Maiti hana njaa, mdogo wangu. Wenye njaa ni sie."

Ndipo nikasema. Ningeweza kunyamaza, nikasema. "Uliyatamka mwenyewe na Mama yuko ndani hajatoka. Halali yenu. Nani alikuwa mlangoni na kanzu? Si wewe?"

Akawa kama mtu aliyemwagiwa maji. Akakunja karatasi, akaikunja tena, hadi ikawa ndogo ya kutosha kiganjani. Kisha akasema taratibu, kama haongei na mie, "Ule wa studio naweza kuusikiliza. Ule mwingine niliufuta siku tuliyotoka makaburini. Akijikohoza tu pale mwanzo, siwezi."

Akatoka. Mwamvuli ukabaki.

Sikulijua hilo. Nilidhani ule wa studio anaupenda kwa ajili ya pesa. Kumbe anaupenda kwa sababu Mama hayumo, na Mama asipokuwemo hajafa. Dar nzima ina huo wimbo. Asiyekuwa nao ni mwanawe.

Na mie nimempiga kwa maneno yake mwenyewe. Nilikuwa na haki, na nilimpiga.

Niliacha kuandika kidogo. Nimerudi.

Iliniingia hofu. Nikafikiri, je simu hii ikiharibika? Nikaona niurushe wimbo kwenye ile simu ya zamani anayochezea Nasra, uwepo mahali pawili. Nikafungua pale pa kurushia, nikasubiri majina ya simu zilizo karibu yajitokeze. Likaja la Nasra. Halafu likaja lingine.

*Mwana wa Chapati.*

Ndilo jina la simu ya kaka. Wateja wa Mama walimwita hivyo alipokuwa mdogo, na hakuwahi kulibadilisha.

Alikuwa hajaondoka. Simu hizi hazionani kwa mbali. Atakuwa amejibanza kwenye kibaraza cha duka, nyuma ya ukuta wetu huu, anasubiri mvua ikate, na mwamvuli wake uko kwangu. Dirisha la huku halioni kule. Ningeweza kutoka. Ningeweza kuita tu, "Kaka!" Kiburi kikanishika miguu, tena kiburi cha mtu mwenye haki, ambacho ndicho kibaya kuliko vyote.

Nikabonyeza jina lake. Nikamrushia.

Ikaandika inasubiri. Ikasubiri sana. Nikamwona kichwani, simu mkononi, anasoma jina langu na jina la wimbo.

Imekataliwa.

Nikaweka simu chini. Nikaichukua tena. Jina bado lipo. Wimbo ameukataa, lakini hajaondoka.

Sikurusha tena. Nilikwenda mlangoni nikatoa komeo, nikauacha mlango wazi, nikarudi kukaa. Mvua ikaanza kulowesha mkeka. Nikautazama mkeka, nikautazama mlango. Nilipoangalia simu, Mwana wa Chapati hayumo tena kwenye orodha.

Sisaini. Hilo niliandike hapa ili nisije nikajibadilisha. Lakini kesho nitamfuata Mbagala, na nitampigia Rehema nimwambie chumba cha uani kwetu kina magunia tu, magunia yanahamishika. Baba Nasra atanung'unika, tutaelewana. Na nitakaa karibu na kaka bila kumrushia chochote, hadi aniombe mwenyewe. Akiniomba. Je, asiponiomba?

Nasra ameamka. Ananiuliza mbona mlango uko wazi na maji yanaingia.

Nimemwambia mjomba amesahau mwamvuli.