Tangu Msiba Ananiita Dada

Kwa Mzee Dominiko, mshauri wetu wa gazetini,

Shikamoo mzee. Naomba msaada wako, na naomba univumilie kama barua hii itakuwa ndefu, kwa maana mimi mawazo yakinijia hayaji kwa mstari, huja kama mbuzi wakifunguliwa zizini, kila mmoja na upande wake, na mama yangu husema nikitumwa maji narudi na ndoto, ndoo tupu. Mimi ni binti wa Kizigua, nakaa Kwamndolwa hapa Korogwe, wazazi wangu ni wakulima na asili yetu ni Sindeni kule Handeni, nami nilisoma hadi darasa la nne, ndiyo maana nakuandikia kwa mkono wangu.

Rafiki yangu anaitwa Grasiana. Yeye ni Mnyamwezi, kazaliwa kambini kwenye shamba la mkonge, na baba yake, Mzee Bernardo, alikuja zamani kutoka Tabora kukata mkonge, akasema atakaa msimu mmoja tu, akakaa mpaka akapata wajukuu. Tulijuana nilipokuwa nikipeleka mihogo kambini kuuza. Grasiana alinisimamisha katikati ya njia akasema, "Wewe mla makopa, nani kakupa ruhusa ya kupita kwa Wanyamwezi?" nami nikamjibu, "Shusha kwanza mzigo wa kichwani, mpagazi wewe, ndipo uniulize," na kichwani hakuwa na kitu chochote, tukacheka mpaka mihogo yangu ikamwagika, na tangu siku hiyo sikumbuki tumeamkiana hata mara moja kama watu wengine wanavyoamkiana.

Mzee, sijui nikuelezeje siku zetu. Jioni tulikuwa tunapita katikati ya mistari ya mkonge, ile milingoti yake mirefu iko juu yetu, milima ya Usambara iko kule mbali imejaa ukungu, singa nyeupe za mkonge zimeanikwa kwenye nyaya mpaka macho yanachoka, nasi tunaokota mabaki yaliyoanguka chini tunasukana nywele ndefu za kufika kiunoni, Grasiana anakuwa mke wa Gavana na mimi nakuwa Malkia mwenyewe, tunatembea polepole tukiinamiana vichwa, wala hatusemi neno, na upepo unazipeperusha zile nywele zetu za mkonge, nami nilikuwa naona kama dunia nzima imesimama inatungoja tupite. Mzee Bernardo akituona kutoka kibarazani kwake hupiga kelele, "Mzigua hata avikwe taji, kwapani ana muhogo!" nami humjibu, "Wewe mzee kufa upesi nirithi kile kiti chako," naye hucheka mpaka machozi yanamtoka, kisha huniita nile.

Basi mzee, kafa kweli. Kichomi kilimshika mwanzo wa masika na hakikumwachia.

Siku ya msiba nilikuwa nimekwisha kujifunga kaniki kuukuu niende kama watani wanavyokwenda, maana Wazigua na Wanyamwezi ni watani, lakini kaka yangu Mhina, ambaye ni karani, akanizuia mlangoni akaniambia, "Mwanaidi, siku hizi watu waliostaarabika hawachezi utani penye maiti. Ule ni ushenzi wa wazee. Kaa na wanawake wenzio, utoe pole yako kwa adabu." Nami, nikuambie kweli, sikubishana naye, kwa sababu moyo wangu ulikuwa umejaa, na lile neno la kumwambia afe upesi lilikuwa linanirudia kichwani, nikaogopa nikifungua kinywa nitasema jingine. Nikavaa kanga safi, nikaenda, nikakaa kwenye mkeka pamoja na wanawake, nikalia taratibu, nikamshika mkono mama yake Grasiana, Mama Rosa, nikasema poleni. Watani wengine walikuwepo, wazee wa kwetu walikuja toka Sindeni, mmoja akavaa kofia ya marehemu akawa anakagua kaburi kama mnyapara anasema halina kina, limechimbwa kivivu, na watu walikuwa wakicheka huku wanalia. Grasiana hakuwaangalia wale wazee. Alikuwa ananiangalia mimi. Nikainamisha macho.

Tangu siku hiyo nimempoteza, na sijui nimempotezea wapi. Hanitukani, hanifukuzi, laiti angenifukuza! Nikienda anasema, "Karibu dada Mwanaidi, habari za nyumbani?" ananipa kigoda, ananipa chai kwenye kikombe chenye maua ambacho kinakaa juu ya kabati kwa ajili ya wageni. Nimempelekea kuku, akasema ahsante dada. Nimempelekea kanga, akaipokea kwa mikono miwili. Nimemwambia, "Grasiana, kama nimekukosea niambie," akasema, "Hujanikosea kitu, dada." Hata mchana nikiwa napalilia namwona amesimama mwisho wa mstari wa mahindi, namwita, anageuka, ananiambia karibu dada, na mstari unazidi kurefuka, mpaka mama anaponigutusha naona nimekwisha kung'oa mahindi nimeacha majani.

Wengine wananiambia ni dini, kwamba mimi Mwislamu na yeye Mkristo, urafiki wa utotoni hufika hapo ukaisha. Wengine wanasema ni fitina ya Josefina, jirani yao pale kambini, ambaye siku zote alitaka awe yeye rafiki yake. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba mwisho wa mwezi huu wanaondoa tanga, na siku hiyohiyo lori linawachukua yeye na mama yake na vitu vyao vyote, warudi Tabora kwa baba yake mdogo. Mzee, sina njia ya kumzuia, lakini nisaidie asiondoke akiwa ananiita dada.

Ni mimi,
Mwanaidi binti Mdoe,
Kwamndolwa, Korogwe, Juni 1954


MAJIBU YA MZEE DOMINIKO

Marahaba, binti Mdoe. Barua yako nimeisoma kibarazani mchana kutwa, na chai yangu ikapoa. Nakupa pole kwa msiba, kwa maana msiba huo ni wako pia, na nadhani hakuna aliyekupa.

Pole imekwisha. Sasa kaa vizuri, kwa sababu umekwenda kushtaki kwa Mnyamwezi bila kujua. Naam, mimi Dominiko ni Mnyamwezi, baba yangu alipita hapo kwenu Handeni na mzigo kichwani, na babu zako wakamwibia chumvi. Kwa hiyo ruhusa ya kukwambia kwamba kichwa chako kimejaa uji ninayo, na hakuna wa kunifunga.

Mwache Josefina wa watu. Iache na dini, dini haikuwazuia kusukana nywele za mkonge. Jibu uliliandika mwenyewe katika barua yako ukalipita kama mtu anayepita nyumba ya anayemdai. Ulikwenda msibani kwa mtani wako ukakaa kwenye mkeka! Ukalia taratibu! Ukasema poleni! Mwanangu, hivyo ndivyo anavyokuja mke wa karani. Grasiana alikuwa amefiwa na baba, akainua macho kumtafuta mtu mmoja tu wa kuingia kwa kelele na kuufanya ule msiba ubebeke, akamwona mtu huyo amevaa kanga safi kama mgeni. Sasa anakupa kikombe cha wageni. Ulitaka akupe nini?

Huyo kaka yako Mhina mpe salamu zangu. Mwambie nimewahi kuwaona waungwana wake wakizikana, wamesimama kimya na kofia mikononi, kisha kila mmoja anakwenda kulia peke yake nyumbani. Kama huo ndio ustaarabu, abaki nao. Nilipomzika mke wangu, Mzigua mmoja wa Mkata, Isihaka, alijilaza ndani ya kaburi akasema hatoki mpaka apewe ugali, kwani marehemu alimnyima mwaka wa njaa. Nilimtukana nikiwa pale ukingoni, kisha nikacheka, na tangu mke wangu alipofumba macho ilikuwa ndiyo mara yangu ya kwanza kuvuta pumzi ikafika chini. Isihaka yule hata leo akija kwangu hapigi hodi.

Kuhusu lile neno lako la "kufa upesi", nisikilize vizuri maana hapa sitanii. Halikumwua. Kichomi kimemwua. Neno lile alilipenda, ndiyo maana kila ulipolisema alikuita ule. Mzee mwenye watoto na wajukuu anajua mapenzi yakija, hata yakija yamevaa matambara.

Tena nawaambia na vijana wengine mnaosoma hapa. Siku hizi mnadhani kumpenda rafiki ni kumwongelesha polepole na kumpelekea zawadi. Zawadi hata mkwe hupelekewa. Rafiki wa kweli ana haki yake ambayo mtu mwingine hawezi kumlipa, na kila urafiki una haki yake mbalimbali. Wengine ni siri, wengine ni kulimiana shamba, wenu ninyi wawili ni matusi. Ukimnyima hiyo ukampa kuku, umempa nini?

Basi fanya hivi. Usimwombe radhi tena, utazidi kumfanya mgeni. Usimpelekee kitu. Siku ya kuondoa tanga jifunge ile kaniki uliyoiacha, ondoka nyumbani mapema kabla Mhina hajavaa viatu, na ukifika usipige hodi. Ingia. Kalia mizigo yao waliyoifunga. Sema Mnyamwezi haondoki nchi hii mpaka alipe majani ya Wazigua aliyoyakanyaga tangu Mzee Bernardo alipoingia. Tembea kama alivyokuwa akitembea yule mzee, ongea kama alivyoongea, mkosoe mwanawe kama alivyokuwa akimkosoa, wala usimwache mtu anywe chai kwa amani. Sauti itakutetemeka. Endelea nayo hivyohivyo.

Mwanzo atakutazama tu. Pengine atasema "karibu dada," na hapo ndipo roho itakapotaka kukutoka ukimbilie nje. Usitoke. Mtukane. Mama Rosa akija na mwiko kukufukuza, mnyang'anye mwiko. Dereva wa lori akipiga honi, mwambie angoje, ana haraka gani na mizigo ya watu?

Tabora ni mbali, wala sikudanganyi kwamba mtaonana kila mwaka. Lakini lori lipo na barua zipo, nawe mkono wa kuandika unao, nimeuona. Hilo ni la baadaye. Kwanza mfanye yule binti acheke siku hiyo, kisha, mkichoka kucheka, mlilieni baba yenu, ninyi wawili.